Kidole Kilichoinuka Kwenye Wimbo wa Nne

Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, katika chumba cha wagonjwa mahututi, kaka yangu aliinua kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia, akakishusha, na kwa ajili ya kidole hicho sisi watu wake tuliacha jambo tulilokuwa tumekaribia kuliamua. Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni dada yake niliyemfuata ziwa, familia imeniomba niwasomee maisha yake, nasoma polepole, mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1946, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la vitambaa. Alianza shule mwaka 1954, akamaliza darasa la nane mwaka 1961, na ingawa alipenda nyimbo kuliko chakula, sauti hakujaliwa, hata mwalimu wa kwaya akaona amheshimu kwa kumpa kazi ya kubeba vitabu.

Mwaka 1963 aliajiriwa kwenye ukumbi wa sinema, akaanza kwa kufagia kati ya viti, na baada ya miaka miwili akapandishwa juu kwenye mitambo, ndipo akapata jina la Bwana Mkanda, kwa kuwa mkanda ulipokatika ukumbi mzima ulipiga kelele, "Bwana Mkanda, umelala?" naye alitoa kichwa kwenye kidirisha cha ukutani na kujibu, "Nani alale na midomo yenu hiyo?"

Mwaka 1968 ililetwa filamu moja ya kuimba na kucheza, ikakaa miezi mingi kwa sababu watu walirudi na kurudi, na kila ilipofika wimbo wa nne, msichana mmoja mkata tiketi wa ukumbi ule alifunga dirisha lake, akapanda ngazi, akasimama kando ya mitambo mpaka wimbo uishe. Yeye na marehemu walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Juni 1969, na meneja akawazawadia santuri yenye nyimbo zote za filamu ile, ikiwa ndani ya jalada lake lenye picha ya mwimbaji ameshika mwavuli wa njano.

Mungu aliwajalia watoto watatu, kifungua mimba wao wa kiume mwaka 1970, binti mwaka 1973, na kitinda mimba wa kiume mwaka 1978. Kifungua mimba alipokuwa na miaka miwili aliichukua santuri ile, akaikoroga kwa kijiko kama anayepika uji, na tangu siku hiyo, katika wimbo wa nne, pale sauti ya mwimbaji yule inapopanda kama mtu anayepanda ngazi, sindano ilikwama na kurudia palepale. Wifi yangu alitaka wanunue nyingine, kaka akakataa, akasema, "Hiyo ni sahihi ya mwanangu, nani anafuta sahihi?"

Basi kila Jumapili, baada ya ibada na chakula, nyumba nzima ilikaa kimya kusikiliza, na ilipofika pale marehemu aliinua kidole kwanza, kututuliza, kisha akanyanyua mkono wa gramafoni na kuusogeza mbele kidogo. Watoto walikua wakiujua wimbo ule bila kile kipande, hata mwaka 2007, kwenye harusi ya kitinda mimba, bendi ilipoupiga, familia yetu yote ikiimba iliruka kipande kile na kuwaacha wapigaji nyuma, wageni wakacheka mpaka machozi, na marehemu akasema bendi ndiyo iliyokosea.

Ukumbi ulipofungwa mwaka 1989 alifungua kibanda cha kutengeneza redio, akakiendesha mpaka macho yalipochoka, na mwaka 2016 mkewe alitangulia mbele za haki, lakini Jumapili haikubadilika.

Jumapili, tarehe 23 Februari mwaka huu, alipatwa na kiharusi akiwa anavaa viatu vya kwenda ibadani. Hakufumbua macho tena, akawekewa mashine ya kupumulia, na Jumanne ile niliyoitaja daktari alituita, akatueleza kwa upole kwamba vipimo havionyeshi dalili ya kusikia, na kwamba saa kumi na moja atahitaji neno letu, tuendelee na mashine au tumwachie Mungu. Kifungua mimba alisema, "Baba ameshaondoka, tunautesa mwili tu." Binti akamjibu, "Kaka, nani amekuambia? Umemuuliza yeye?" wakafika mahali pa kutotazamana, na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, sikujua niombe lipi.

Ndipo daktari akauliza kama kuna sauti aliyoipenda. Kitinda mimba akatafuta nyimbo zile kwenye simu, akaiweka kando ya mto, na kifungua mimba akaushika mkono wa baba yake, nadhani kwa kumuaga. Ukapita wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, mkono umelala, saa ya ukutani inasogea. Ulipofika wa nne, pale sauti inapopanda, kwenye simu isiyo na mkwaruzo wowote, kidole kikainuka.

Kifungua mimba alisema, "Rudisheni." Wakarudisha, kikainuka palepale. Daktari akasema, "Mara moja tena," akainama karibu, kikainuka, akaagiza mashine isiguswe, na mtoto aliyeikoroga santuri ile akapiga magoti kando ya kitanda.

Tarehe 10 Machi alianza kupumua mwenyewe, akahamishiwa wodi ya kawaida, kifungua mimba akaibeba gramafoni kwa mikono yake mpaka pale, na kila siku baba aliinua kidole naye akanyanyua sindano. Jumatano, tarehe 26 Machi, saa tatu asubuhi, watoto wote watatu wakiwa wamekaa naye, sindano ilifika pale ikakwama, kidole hakikuinuka, nasi tukajua.

Familia inawashukuru daktari aliyetuuliza swali lile, wauguzi waliovumilia muziki wetu, majirani waliotulindia nyumba, mafundi wenzake wa redio, na wagonjwa wa wodi ile waliofika mahali wakawa wanaruka kipande pamoja nasi.

Ee Mungu wetu, huyu aliwasubirisha wengi gizani ili waone nuru, usimsubirishe. Pale maisha yake yalipokwama, mnyanyue kwa mkono wako, umsogeze mbele kidogo tu, mahali ambapo wimbo unaendelea. Pumzika kwa amani, kaka yangu. Amina.