Baba Nyuma ya Kiti

BABA: Haloo! Nani mwenzangu?

BINTI: Ni mimi, baba. Shikamoo. Mama hajambo?

BABA: Marahaba. Hajambo, ila roboti yenu ya kliniki inamchosha. Akila, inataka mchezo. Akisinzia, mchezo! Na inamwita "rafiki", mama wa watoto sita!

BINTI: Si ndiyo kazi yake, baba, kumchangamsha akili? Sikia, muuguzi wa kliniki kanipigia. Alama za mama kwenye hiyo michezo—

BABA: Ni nzuri. Ninafahamu.

BINTI: Nzuri mno! Hajakosa hata swali moja. Wanasema ni mzima, kesho nafasi yake ya matibabu wanampa mgonjwa mwingine.

BABA: (mikwaruzo)

BINTI: Baba? Haloo?

BABA: Nipo. Mtandao unakwaruza.

BINTI: Juzi kaniita kwa jina la shangazi. Leo anapata yote? Akicheza, wewe unakaa wapi?

BABA: Kitini.

BINTI: Kiti kipi, baba?

BABA: ...Nyuma yake.

BINTI: Unamnong'oneza majibu!

BABA: Chunga ulimi wako! Unazungumza na mwalimu mkuu mstaafu—

BINTI: Aliyemtoa kaka kwenye mtihani kwa kuchungulia kwa jirani. Mbele ya shule nzima!

BABA: Alistahili.

BINTI: Na wewe je?

BABA: (anakohoa) Hukuwapo, wewe. Roboti ilimwonyesha kijiko, ikamwuliza hiki ni nini. Akalitafuta neno, akalitafuta... kisha akanigeukia. Ulitaka nimkodolee macho?

BINTI: Hapana, baba.

BABA: Jibu likiwa sahihi, inapiga makofi. Naye hucheka. Hajacheka vile tangu— (mikwaruzo)

BINTI: Lakini wasipojua, hawamtibu! Nampigia muuguzi sasa hivi.

BABA: Usimpigie.

BINTI: Baba, jamani!

BABA: Nitampigia mimi. Kosa ni langu, nitalieleza kwa kinywa changu.

BINTI: Haya. Na mchezo wa leo?

BABA: Nitakaa nje, barazani. Ndiyo hiyo, imeshaanza kelele zake. Subiri nitoke... Cheza, mke wangu! Nipo hapa nje!

BINTI: Inamwuliza nini?

BABA: Imemwonyesha picha yetu ya harusi. Inauliza, huyu bwana ni nani.

BINTI: Mungu wangu. Anasemaje?

BABA: Bado. Ananitazama dirishani.

BINTI: Baba, usimwambie. Nakuomba. Salio langu linakwi—

BABA: Sisemi neno, mwanangu. Kata simu. Sisemi.