Hapa Pameshapimwa

Kaeni chini, nyie. Odeta, mpe mtoto ziwa anyamaze. Claude, toka hapo mlangoni, leo huendi popote mpaka nimalize. Baba hayupo, mama hayupo, mimi ndo mkubwa wenu, na huku chini ya kiuno sisikii kitu tangu jiko lilipozama ardhini na mimi ndani yake. Daktari anasema nitapona. Anasema hivyo anaangalia dirisha.

Nyumba ile muihame kabla ya mvua. Sio baada ya kuvuna, Claude, nakuona unavyokunja uso. Kabla.

Mnamkumbuka Melkiadi, bwana wa ramani, aliyemwaga rangi ya kijani pale kijito kinapopotelea chini ya mwamba, tukapiga kelele katutilia sumu, halafu rangi ileile ikatokea kwenye chemchemi ya kina Immaculata, kule nyuma ya kilima? Alikuwa anafuata njia ya maji. Maji yanapita chini yetu, jamani! Mawe ya huku ni ya chokaa, maji yanayala taratibu, juu unaona mahindi yamesimama vizuri, kumbe chini kumetoboka kama jino bovu. Kila alipokuta ardhi imebonyea kama sahani, akazungushia vigingi vyekundu, akachora kwenye ramani kwamba hapo ni hatari. Baba akamuuliza, "Mzee, na hapa vipi?" Akajibu, "Hapa pameshapimwa."

Basi! Si mnatujua? Tulivyotoka Burundi, kule kwenye makazi ya wakimbizi kila familia ilioneshwa kigingi, ikaambiwa hapa penu. Kwetu sisi pakishapimwa ni kiwanja, na ni chako. Mama alipiga vigelegele. Watu wakagombania vigingi, waliokosa wakanuna, na Melkiadi kashapanda gari lake kaenda zake. Juzi alikuja kuniona hapa kitandani, akaniambia: "Anicet, mimi nilisema nimepima, sikusema jengeni."

Claude, juzi uliniambia, "Kaka, tuhame tena? Sisi kunguru?" Sawa, kunguru. Kunguru hafi na nyumba. Ule ufa nyuma ya chumba cha Odeta ulikuwa unapitisha kisu, sasa unapitisha mkono. Hilaria analala pale, mtoto hata kutambaa hajui.

Nendeni Kasekese kwa shangazi Annonciata. Najua hatujaongea naye tangu msiba wa mama, najua alichosema mbele za watu, na mimi kilinichoma. Pigeni hodi hivyohivyo. Ana shamba kubwa na hana wa kulima. Baiskeli ni ya Claude, spoku za nyuma zikazwe. Redio ya Odeta, na asije mtu kukwambia redio ni ya mwanaume.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Sasa kuna Gaudensi, yule jirani. Nimemwambia chini kuna shimo, akacheka: "Kijana unakufa huku umekumbatia kiwanja? Mkiogopa nipeni mimi, watoto wangu wamebanana." Mkihama asubuhi, jioni yumo. Viking'olewa vigingi, nani atajua pabovu? Vikibaki, kila mtu anasema pamepimwa. Nimewaza, nikaona dawa ni moja: mnizike palepale uani, maana hata Gaudensi hawezi kulaza wanae pembeni ya kaburi la mtu. Ila watakaochimba wanaweza kuzama na majembe yao. Na wewe Claude nakujua... kaka yako akilala pale, hutoki. Utajenga kibanda ulinde.

Odeta, sogea. Mungu awape ardhi... ngumu. Ardhi inayogonga ukikanyaga. Hilaria akue, aruke ruke, isitikisike...

Usilie. Nijibu, Claude, sauti inaniishia. Ungekuwa wewe ndo umelala hapa, ungesema wakuzike wapi?