Mama Faida Anaenda Kuona Masomo

Banc yetu ya Mudzipela, kiti ndefu ya mbao hapa Bunia, iko mbele ya nyumba ya Mama Vahwere, muuza kahawa, fasi yenye barabara inaachana. Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa 2003. Mwezi wa tano vita ya kabila na kabila ilipita hapa nyumba kwa nyumba. Sasa redio inasema masomo, shule zote, imefunguliwa. Kwa banc tulikuwa watatu wa kila siku: Muzee Camille, tunamuita Inspecteur, hata kama maisha yake yote alichunguza tu malori kwa barrière ya barabara, Rodrigue, tunamuita Satellite, sababu hatoe redio kwa sikio, na mimi, mutengeneza pikipiki. Pembeni, kwa mashine yake ya kushona, Geneviève, mama ya Faida.

Ile asubui aliacha kukanyaga mashine, akatuuliza:

— Faida amemaliza ya sita ya primaire. Secondaire ya Leta, ya serikali, ile ya ngambo ya barabara kubwa, iko muzuri ao mubaya? Kama iko mubaya, nitamutuma kwa shangazi yake, Mahagi-Port.

Inspecteur akajibu wa kwanza, kama kawaida:

— Masomo inajulikana kwa bendera. Bendera ikipasuka, discipline nayo imepasuka.

— Wapi! Satellite akasema. Angalia viatu ya préfet, mukubwa wa masomo. Préfet mwenye kuvaa viatu ya kamba amejitayarisha kukimbia.

— Na mwenye kambambili?

— Ule atakufa na watoto yake. Ule njo préfet muzuri.

— Weye Satellite hauna akili. Angalia ukuta ya choo. Ikiwa munene, risasi haipite. Watoto wote wanaingia mule, hesabu inaendelea.

— Watoto mia mbili, choo moja?

— Kwa zamu!

Hata mimi nikaingia:

— Siye tuangalie craie, chaki ya ubao. Kama inatoka Uganda, mutoto ataandika Kiingereza bila kufundishwa.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwangika. Mama Faida hakucheke.

— Kati yenu, nani alishaingia mule tangu vita?

Inspecteur akashusha sauti:

— Mama Faida, ile ngambo si yetu. Unajua watu wenye kuishi kule. Kila mutu abakie na watoto wake.

— Ni weye ulikata Bunia vipande, Muzee?

Akafunika mashine yake na kitenge, akaenda. Tulizani amekasirika tu. Alirudi saa sita ya muchana, vumbi mpaka kwa magoti.

— Nimetoka kule, akasema. Bendera hakuna. Choo imeanguka. Préfet hakuwa, viatu yake sikuone.

— Nilisema! Inspecteur akapiga goti.

— Ungoje. Mabati, watu wa bunduki walibeba. Mabanc walichoma, wakapikia nyama. Watoto wanaikaa juu ya matofali. Lakini kuko mwalimu mumoja, anaitwa Charlotte, mwanamuke mufupi, bado kijana. Nilisimama kwa mulango wakati alikuwa anaita majina. Anaita, mutoto anajibu. Anaita ingine, kimya. Anangoja kidogo, anaandika, anaendelea.

— Wale wa kimya ni nani? nikauliza.

— Wale walikimbia. Wa upande ile na wa upande hii. Wote wako kwa liste ya majina.

— Anapoteza wakati, Inspecteur akasema.

— Hata mimi nilimuambia vile. Akanijibu: "Mama, juma iliyopita mutu wa bunduki aliingia humu. Alisema: futa majina ya wale watu. Nikamupatia bic yangu ya kuandikia. Nikamuambia: futa weye mwenyewe, na chini uandike jina yako, wazazi wakirudi wajue ni nani alifuta."

Satellite akatoa redio kwa sikio.

— Na ule mutu?

— Alishika bic. Aliangalia watoto, watoto wakamuangalia. Akaweka bic chini, akatoka. Nilimuuliza Charlotte kama hakuogope. Alisema aliogopa, alifundisha saa nzima akiwa ameikaa.

Mama Faida akafunua mashine yake.

— Nimemuandikisha Faida, akasema. Mahagi-Port haendi.

— Masomo bila mabati! Na mvua?

— Nitashona bâche, turubai ya kufunika. Mvua ikipita, atalowa na wenzake. Walichoma mabanc, Muzee. Sasa tuwaachie hata watoto?

— Na watoto wa ngambo?

— Ataikaa nao tofali moja.

Kulikuwa mwanamuke alisimama kwa meza ya Mama Vahwere, hatukumujua. Alikuwa ametua mufuko yake chini. Kwa vumbi yake uliona ametoka mbali, njia ya Djugu. Kahawa alilipa lakini hakukunywa. Akasogea karibu na Mama Faida.

— Mama, ule mwalimu, aliita Plamedi?

— Plamedi wa nani? Inspecteur akauliza.

— Mutoto wangu. Mimi ni Angèle, tulikuwa tunaishi nyuma ya ile masomo. Tulipotezana siku ya kukimbia.

Mama Faida kule alikuwa ameangalia matofali, ukuta, mikono ya mwalimu. Majina yalimupita.

— Sijui, akasema. Sikushike majina. Lakini liste haikufutwa. Kuya, tuende tukaulize.

Akamushika mukono. Walikuwa wamefika karibu na barabara kubwa wakati Inspecteur alisimama, akainamia ule mufuko wenye Angèle alisahau, akauweka kwa bega, akawafuata. Tulizani atawapatia mufuko, arudi.

Akavuka nao barabara kubwa.