Asubuhi Niliyofumbua Macho Bila Kulia

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Palma! Itikieni kwa nguvu, maana anayesimama hapa si mtu wa kubahatisha. Nilivuka mto Ruvuma kwenda Tanzania sina hata viatu, nikajisomesha Dar es Salaam kwa kusukuma mkokoteni, nikarudi na diploma ya umeme wakati ule gesi imegunduliwa na kila kijana anaitafuta kazi. Mimi niliipata!

Lakini miaka yote ya Dar nilitamani kitu kimoja: kuamka nyumbani, niuone uso wa mama na chale zake za Kimakonde.

Nikarudi. Tukavuna mahindi, jani likanichana jicho. Nikadhani limepona. Kumbe ile ngozi nyembamba juu ya kioo cha jicho haikushika. Usiku inagandana na kope, asubuhi nikifumbua inabanduka. Ndugu zangu, maumivu yale! Nilikuwa nalala nimefumba, machozi yanatiririka, namsikia mama akichukua jembe. Nikija kufumbua, keshakwenda shamba. Nimerudi nyumbani, na bado nina hamu ya kumwona mama!

Nanyi mkanisifu! Tulipolala kanisani siku za mkutano, tukaamshwa kwa maombi ya alfajiri. Mkasema amina, mkafumbua macho. Mimi nimepiga magoti, nimefumba, nalia.

"Mwoneni msomi wetu, kazama rohoni!"

Mkataka kunifanya kiongozi wa maombi. Cheo nilikistahili, ila si kwa machozi yale.

Mama akanipapasa shavu. "Acheni kumsifu. Huyu haombi, anaumwa. Mpelekeni hospitali, sifa mtampa akirudi."

Mliniombea, nikarudi Dar. Daktari akalainisha kioo cha jicho kwa mwanga wa leza, ili ngozi mpya iote na kushika. Niliuogopa mwanga ule, mimi mtu wa umeme! Nikamwita Yesu, naye akauongoza mkono wa daktari. Jicho likapona.

Asubuhi ya kwanza nyumbani nilifumbua polepole. Hakuna maumivu! Mama ameinama, anafunga kanga.

"Unanikodolea nini? Mimi mgeni?"

"Nakutazama tu, mama."

"Haya nitazame, shamba litangoja."

Akaketi. Haleluya!

Ndugu yangu unayeficha maumivu huku watu wakikusifu, sema leo. Yesu anasikia, na hospitali ni zake. Mimi sasa nimebakiwa na hamu moja: nifumbue macho haya asubuhi moja, nimwone Yeye.