Avril Garraway, Aliyeliona Kosa Akanyamaza

Ndugu, majirani na marafiki, tumekutana hapa Durrington kumsindikiza Avril Joan Garraway, mke wa Denis na dada wa pekee wa Clifford Stedman. Alizaliwa Worthing, pwani ya Sussex, tarehe 9 Aprili 1944. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Harold, dereva wa basi, na Winifred, mkata tiketi wa sinema iliyokuwa karibu na gati. Hapakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, kwa hiyo Avril alikulia kwenye viti vya nyuma vya sinema ile, akitazama filamu moja tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Siku moja, akiwa bado hajaota meno ya mbele ya ukubwani, alimvuta mama yake sketi.

“Mama, sigara ya yule baba imerefuka.”

“Sigara hairefuki. Nyamaza utazame kama watu wengine.”

“Imerefuka. Kesho tazama.”

Kesho yake Winifred alitazama, akaona kweli: sigara ya mwigizaji ilikuwa fupi, mara ikawa ndefu tena. Clifford anasema tangu siku hiyo mama yao hakufurahia filamu tena, na lawama zote alimtupia Avril.

Masomo ya msingi na ya sekondari aliyapata palepale Worthing. Mwaka 1961 akaenda chuo cha uhazili Brighton, akajifunza kupiga chapa na hati mkato. Mwalimu wake alimwambia baba yake kwamba binti ana akili, ila ana tabia ya kusahihisha watu. Harold akajibu kwamba nyumbani wanalijua hilo.

Mwaka 1964 aliajiriwa kama mpiga chapa kwenye studio ya filamu magharibi mwa London, na haukupita muda mrefu akapewa kazi ambayo Mungu alikuwa amemuumbia. Filamu hupigwa vipande vipande, na mwisho unaweza kupigwa kabla ya mwanzo. Lazima awepo mtu wa kukumbuka kwamba kikombe kilikuwa mkono wa kulia, kifungo cha juu kilikuwa wazi na nywele zilikuwa zimelowa. Mtu huyo alikuwa Avril. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna muongozaji aliyemkamata na kosa. Waigizaji walimwogopa kidogo na kumpenda sana, maana alikuwa akiwarekebisha kola kwa mkono mwepesi, kama mama anayemwandaa mtoto kwenda kanisani.

Kisha ikaja “Upande wa Pili wa Wavu.” Wengi wenu mmeiona: filamu ya mapenzi ya wachezaji wawili wa tenisi, waliokutana uwanjani na kubusiana juu ya wavu. Ilipigwa kiangazi cha 1988 kwenye klabu moja ya Surrey, chini ya muongozaji Lionel Astbury. Hapo ndipo Avril alipokutana na Denis, aliyeletwa kuwafundisha waigizaji kushika raketi. Denis alikuwa amecheza tenisi ujana wake wote bila kuvuka raundi ya kwanza mahali popote, lakini sheria za mchezo alizijua kama sala ya Baba Yetu.

“Seti ya mwisho haina tai-breki, lile gemu fupi la kukata sare,” alimwambia Lionel. “Wanacheza mpaka mmoja amzidi mwenzake magemu mawili.”

“Watu wanakuja kuona busu, Denis, si kusoma sheria.”

Ndivyo ilivyokwenda. Shujaa alianza pointi kwa mkono wa kulia akaimaliza kwa wa kushoto, kwa sababu mchezaji aliyechukua nafasi yake kwenye picha za mbali alitumia mkono wa kushoto. Nyasi zilichakaa siku ya kwanza ya mashindano, siku ya fainali zikawa mbichi. Avril na Denis walipiga kelele kila mmoja kwa zamu yake, na Lionel akawa anapuuza kwa zamu hiyohiyo. Jioni walikunywa chai pamoja na kucheka, maana wangefanya nini tena?

Ijumaa ya tarehe 26 Agosti ilikuwa siku ya mwisho ya kupiga picha. Asubuhi hiyo Verity Langrish, msichana aliyeigiza kama mchezaji, alipata simu kutoka Penzance, mbali kabisa magharibi mwa Uingereza: baba yake alikuwa mahututi. Aliomba aondoke. Lionel akamwambia hatoki mpaka busu la mwisho likamilike na Avril aseme kila kitu kimeungana na vipande vya nyuma. Mvua ikanyesha, wakasubiri, Verity akabadilishwa nguo na kurudishwa uwanjani macho yamevimba. Wakapiga. Treni ya mwisho ya kwenda Penzance ilikuwa ya jioni ileile.

Avril aliliona kosa kabla kamera haijazimwa. Kabla ya mvua bandeji ilikuwa kwenye goti la kushoto la Verity. Sasa ilikuwa kwenye goti la kulia.

“Avril!” Lionel akaita. “Kuna kasoro?”

Verity alikuwa amesimama kwenye wavu. Alimtazama Avril.

“Hakuna,” Avril akasema. “Mwacheni mtoto aende.”

Msichana akakimbilia gari akiwa bado na nguo za mchezo mwilini. Denis, aliyekuwa akikusanya raketi, akamsogelea Avril polepole.

“Bandeji ilikuwa kushoto, bibi.”

“Bandeji gani?”

“Avril.”

“Denis, beba raketi zako.”

Verity alimkuta baba yake hai. Mzee alimtambua, akamwita kwa jina la utotoni, akafariki Jumapili mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya binti yake.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata, na goti lile likawa kichekesho. Gazeti moja lilijaza nusu ukurasa kwa makosa yake: mikono, nyasi, tai-breki, na juu ya yote bandeji inayohama mguu katikati ya busu. Lionel alipoulizwa, alijibu kwamba kulikuwa na mtu aliyelipwa kuangalia hayo, wakamuulize yeye. Jina la Avril likachapishwa. Hata makosa waliyoyapigia kelele yeye na Denis akabebeshwa yeye. Kwenye studio walianza kumwita Bi Goti, mwanzoni kisogoni, baadaye mbele yake. Simu za kazi zikapungua, na kufikia 1993 hazikulia tena.

Clifford anamkumbuka akiwa jikoni kwake, hajavua koti, chai imepoa mbele yake.

“Sema basi!” kaka yake akamfokea. “Waambie ulijua!”

“Nikisema nilijua, watamuuliza yule msichana haraka yake ilikuwa ya nini. Kifo cha baba yake si habari ya gazeti.”

Verity mwenyewe alikuja Worthing, ambako Avril alikuwa amerudi kuishi, akiomba amruhusu aeleze ukweli. Avril alimkatia keki, akamuuliza habari za mama yake, na hilo jingine akakataa. Miaka mingi hakuingia sinema yoyote. Alipata kazi kwenye duka la nyuzi za kufumia, akaifanya vizuri, lakini waliomjua waliona kwamba kitu ndani yake kilikuwa kimefungwa. Leo Verity ametupa ruhusa ya kusimulia haya. Yuko hapa pamoja nasi.

Denis alimposa ufukweni, samaki na chipsi mapajani.

“Nina talaka moja, binti mmoja, na maisha yangu yote ya raundi ya kwanza.”

“Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi,” Avril akasema, akakubali.

Walifunga ndoa Worthing tarehe 16 Juni 1990. Hawakujaliwa mtoto. Rosalind, binti ya Denis, anayewasomea maneno haya, alikuja kwao akiwa msichana mwenye hasira, aliyeapa kutosema na mke wa baba. Avril hakumlazimisha. Jioni moja, akimwekea sahani, alisema tu: “Asubuhi ulitoka na utepe wa bluu, umerudi bila utepe. Nani kakuchokoza?” Rosalind akalia mpaka chakula kikapoa, na tangu hapo nyumba ile ikawa yake.

Mwaka 2014 macho yalianza kumwondoka. Kiini cha jicho kilikufa taratibu, akabaki anaona kingo za vitu tu. Uso wa mtu ukawa doa. Ilikuwa adhabu isiyo na kosa. Denis akawa macho yake. Mchana mmoja wa mvua televisheni ikaonyesha filamu ile ya zamani, na kwa mara ya kwanza Avril akasema iachwe. Denis akamsimulia yote hadi busu.

“Sasa wako kwenye wavu. Bandeji iko goti la kushoto. Wanasogea… bado iko kushoto.”

“Muongo wewe.”

“Naona kwa macho yangu.”

“Denis, usinirekebishie. Iache ilivyo.”

Denis akaanza upya: “Iko kulia. Na msichana analia kwelikweli.”

“Nilijua,” Avril akasema. Wakashikana mikono mpaka majina ya mwisho wa filamu yakapita.

Mwezi Oktoba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alitunzwa nyumbani, kisha kwenye nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, palepale Worthing. Alasiri ya tarehe 21 Februari 2023 alimuuliza Denis kuna nini nje. Denis akamwambia kuna mama anaanika mashuka na upepo hautaki. Shuka moja limemfunika kichwa, anapigana nalo. Avril akatabasamu. Denis akaendelea: sasa amelikamata, sasa amelibana, sasa jingine limeponyoka na mbwa analikimbiza. Alikuwa bado anasimulia muuguzi alipoingia na kumwekea Denis mkono begani; Avril alikuwa ameshatutoka.

Ameacha mume wake Denis, binti yake Rosalind na mume wa Rosalind, Gareth, mjukuu wake Elowen, kaka yake Clifford, na Verity, ambaye familia imeomba akae nasi safu ya mbele.

Lala, Avril wetu. Pumzika kwa amani.