Injinia Bhoke na Daraja Lisilo na Uzito

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Injinia Bhoke Eliasi wa Buhare, aliyetutoka mwezi uliopita na kuzikwa kwao Butiama. Mimi Prosper nasema kifua mbele: dada huyu hakuwahi kukosea hesabu. Hata moja!

Mdogo wake, Gody, niko naye hapa studio. Anacheka.

"Acha bwana Prosper. Alikosea. Tena kosa lenyewe ndilo lililompa jina."

Haya. Nimeumbuka dakika ya kwanza. Tuendelee.

Bhoke alikuwa anachora daraja la waenda kwa miguu kule Bunda, upande wa Nyasura. Daraja la watoto wa shule. Lilikaa juu ya sahani za chuma zinazoteleza. Ardhi ikitikisika, sahani zinasuguana, na msuguano huo unazisukuma nguzo. Shikeni hapo: msuguano unazisukuma nguzo. Usipoujua, hujui nguzo ziwe nene kiasi gani.

Akaiingiza kazi kwenye programu ya kompyuta, akalitikisa daraja humo humo. Nguvu ya msuguano? Sifuri. Akazifanya sahani zikwaruze kama msasa. Sifuri.

Bosi wake, Bwana Abraham, akachungulia, akapiga makofi. "Sifuri ni habari njema, mama! Nguzo zitakuwa nyembamba. Weka saini twende tukale sato."

Bhoke akasonya. Wasikilizaji wapendwa, msonyo ule ulifika hadi mwaloni, kule ziwani wanakoshusha samaki. "Daraja zima limezikalia hizo sahani, bosi, halafu hazisuguani? Wewe ukikaliwa na ng'ombe utasema sifuri?"

Sifuri yenyewe haikumuudhi. Kilichomuudhi ni mtu mzima kuifurahia.

Jioni akarudi Buhare, akakuta sufuria ya ugali imeungua. Gody anasimulia: "Alikuwaga hivyo, akiwaza anaosha vyombo. Anasugua kwa ncha za vidole, ukoko hautoki. Nikamwambia, dada, unaiosha au unaibembeleza? Akakasirika, akaikandamiza kwa mwili mzima. Ukoko ukatoka. Akaganda, povu mikononi. 'Gody! Uzito! Nimelitikisa daraja kabla sijalibebesha uzito wake!'"

Ndivyo ilivyokuwa. Uzito aliuweka kwenye programu, lakini kwenye hatua yake ya peke yake. Mtikisiko ukaanza upya bila uzito huo, daraja likiwa jepesi kama karatasi. Na kisicho na uzito hakisuguani. Asubuhi akapanga upya: uzito kwanza, halafu mtikisiko uendelee kutoka hapo. Nguvu zikajaa kwenye skrini. Nguzo nyembamba zisingezihimili.

Shida ni kwamba Abraham alishawaambia wakubwa michoro iko tayari. Akamsihi Bhoke anyamaze. Anyamaze, watoto wapite juu ya vijiti! Bhoke akasimama mbele ya kikao cha wakubwa hao. "Nimekosea mimi. Nguzo ziongezwe unene, ama mtafute mwingine wa kutia saini."

Nguzo zikaongezwa. Yeye akakaa muda mrefu bila kupewa kazi ya maana. Watoto wa Nyasura wanapita hadi leo.

Sasa njooni kwenye kinyaa. Msibani Butiama, Abraham huyo huyo akashika kipaza sauti. "Kosa lile," akasema, akijifuta jasho, "mimi na marehemu tuliligundua pamoja."

Pamoja! Pilau ilinirudi kooni. Nawachukia watu wanaokuja msibani kuokota sifa, jeneza liko pale pale linawasikia. Wenzao tulishika koleo. Tulifukia mpaka udongo wa mwisho.

Kwa mama yetu Dorkas aliyemzaa Bhoke, kwa Gody na ukoo wote wa Eliasi, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayenisikiliza, jiulize bila kujionea huruma: kwenye msiba wa jirani yako ulipeleka uzito wako, au ulipeleka mdomo tu?

"Prosper," Gody anavuta kipaza sauti.

"Naam, kaka."

"Koleo gani hilo? Kaburi tumefukia mimi na jirani yetu Thadeo na vijana wa Buhare. Wewe ulipanda bodaboda jeneza likiwa bado ndani ya nyumba. Tena uliondoka na pilau kwenye sahani yetu. Mama anaiulizia."

Fundi mitambo, weka wimbo. Weka wimbo, ndugu yangu!