Ngazi ya Kumi na Saba

Tarehe thelathini ya mwezi huu, karani wetu wa ajira, mzee tunayemwita Masikio, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda hiki cha magodoro. Mimi ni mpakiaji wa ghala. Shule niliiacha njiani na kwetu ni mbali, lakini nimeombwa niandike kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza kuajiriwa naye pale chini ya ngazi.

Masikio haoni tangu utotoni. Alianza kwa kupokea simu, kisha akapewa ofisi ya ajira, ghorofa ya tatu. Lifti hatuna. Yeye alimtambua kila mtu kwa mwendo wake. Mhasibu alipovaa viatu vipya vinavyobana, Masikio alimpa pole ya kidole kabla hajaanza kuchechemea.

Sheria inataka mlemavu anayeomba kazi asikilizwe kama wengine, na mwajiri aondoe kinachomzuia kufika kwenye usaili. Kila mwaka fomu ya serikali iliuliza walemavu wangapi wameomba. Kila mwaka meneja wa wakati huo alijaza: hakuna.

"Hawaji, mzee. Tutawaokota wapi?"

"Wanakuja, bosi. Nawasikia. Wanaishia ngazi ya kumi na saba, wanarudi."

Meneja alicheka, akamtuma mlinzi. Ngazi zilikuwa zimetoka kupigwa deki na hapakuwa na mtu. Ila kwenye ya kumi na saba palikuwa na alama moja ya duara, ya mkongojo. Ya kumi na sita haikuwa na kitu.

Kesho yake Masikio alishusha meza yake hadi chini ya ngazi, akaweka juu yake nakala ya sheria ya nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, nene kama mto, akaapa hatapokea tena fomu yenye neno "hakuna".

Nilipofika na mguu wangu mmoja, kabla sijafungua mdomo, aliniambia, "Wewe ulikuja Jumanne iliyopita. Ulipumzika mara tatu." Ni kweli. Sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu kule nyumbani. Tangu hapo watu arobaini na wawili wamepata kazi kwenye meza ile.

Lakini mkongojo mmoja haukukoma. Ulipanda mchana kweupe, ko, ko, ko, ukaishia ya kumi na saba. Nimeusikia mwenyewe, mkongojo wangu ukiwa umetulia mkononi. Wakongwe wanasema ni mama mmoja mshonaji aliyekuja kuomba kazi kabla meza haijashushwa, akarudi kwake, akafa. Masikio hakubisha wala hakukubali. Aliacha tu kiti kimoja wazi.

Wiki hii meneja mpya aliamua kwamba mzee akiondoka, meza irudi juu. Leo asubuhi tuliitwa kuibeba. Tulikuwa tumeshainyanyua, ndipo mkongojo uliposikika, na safari hii ulikuwa unashuka. Ulishuka ngazi zote kumi na saba, ukasimama mbele yetu. Hatukuona mtu.

Masikio alivuta kile kiti. "Karibu, mama. Utusamehe kwa kukungojesha."

Kiti kililia, kama kinavyolia mtu akikaa.

"Iacheni hapohapo," alisema kwa sauti ndogo meneja mpya, aliyekuwa akitusimamia. Mchana ametia saini: meza haipandi.

Mzee wetu, asante kwa kutusikia tulipokuwa tunarudi kimyakimya. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na wajukuu wasiokuchosha. Na siku ukipita kutusalimu, usibishe hodi. Tutakujua kwa mwendo.